Tela Lililoomba Chaji

Jioni ile nilikuwa nimetoka kununua maji ya betri.

Duka la Marko liko jirani na uwanja wa mnada, na kutoka pale hadi kwetu si mbali. Lakini Julai ya Haneti haimbembelezi mtu. Upepo ulikuwa umeanza alasiri, ukisukuma vumbi la mashamba ya uwele yaliyokwisha kuvunwa. Jua lilikuwa likizama jekundu, bila joto lolote. Nilikumbatia chupa zangu, nikajifunga shuka hadi masikioni, nikakaza mwendo.

Maji yale aliniagiza mdogo wangu, Ernest. Ernest ni fundi wa sola. Ana banda lake kando ya barabara, mbele ya nyumba yetu, na watu huleta pale simu na betri zao kuchaji. Wiki ile banda lilikuwa limefungwa. Betri zake kubwa alikuwa amezihamishia ndani, chini ya kitanda cha mkewe.

Inabidi nieleze kwa nini, maana bila hilo mengine hayaeleweki.

Paskalia, wifi yangu, Msandawe wa Chemba, alijifungua kabla ya siku zake. Mtoto wa kike, njiti, mwepesi kama kitambaa kilichokauka. Hospitalini walimtunza, kisha wakamruhusu aje nyumbani. Muuguzi alitoa maagizo: mtoto asipate baridi, na mtoto asipate moshi.

Hayo mawili katika nyumba yetu yanagombana. Kwetu, mwanamke akijifungua, moto huwashwa chumbani mwake, na hauzimwi mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Na siku hizo zote moto hautoki katika nyumba ile. Hata kaa moja. Hata njiti ya kiberiti. Jirani akija na kigae chake kuomba makaa, anaelekezwa kwingine, naye haoni vibaya. Mimi ndiye ninayeshika habari za ukoo wetu: nani alizaliwa wapi, nani alizikwa wapi, nani aliolewa na nani. Sikuwa nimesikia hata mmoja aliyeuvunja mwiko huo.

Basi Ernest akatafuta njia. Hakuna kuni, hakuna mkaa. Betri, inveta, na balbu ya zamani, ile inayotoa joto, akaining'iniza juu ya boksi lililotandikwa pamba. Mtoto akalala humo.

Mama yetu, Tabu, alipoona alicheka mpaka akajishika mbavu.

"Ernest, mwanangu, umezaa kifaranga?"

Kisha akapitisha kiganja chini ya balbu. Akakiacha pale. Cheko likakatika.

"Haya. Hayo ndiyo mafiga yake," alisema. "Na mwiko ni ule ule."

"Mama, hii ni betri."

"Nimesema ni ule ule."

Asubuhi yake mama aliondoka kwenda msibani Chang'ombe, mjini. Tulibaki watatu na mtoto.

Nilipokaribia nyumbani niliona tela.

Si tela la kubebea mahindi. Lilikuwa tela la safari, lile la kulala ndani, kama nyumba ndogo iliyowekewa magurudumu: dirisha lenye pazia, mlango mwembamba, bomba la jiko juu ya paa. Niliwahi kuona moja la watafiti wa miamba nilipokuwa sekondari. Hili lilikuwa kuukuu zaidi. Rangi yake ilikuwa imebabuka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Lilivutwa na gari ambalo taa zake zilikuwa zimezimwa. Upepo ulikuwa unapiga pande zote, lakini chini ya tela vumbi lilikuwa limetulia.

Mwanamume alikuwa amesimama nje ya ua wetu wa minyaa. Mrefu. Koti zito. Mikono ameificha.

"Shikamoo mzee," nilimwambia.

Hakuitikia. Alinitazama, kisha akasema taratibu, kama mtu aliyekaa muda mrefu bila kuongea:

"Mbukwenyi."

"Mbukwa," nilijibu salamu hiyo ya kwetu.

Shikamoo yangu ilibaki pale pale ilipoangukia.

Ernest alikuwa ameinama mbele ya tela, mita yake ya kupimia umeme mkononi. Alikuwa amefungua kisanduku cha betri. Vichwa vya betri vilikuwa vimeota ukungu wa kijani na mweupe, mnene kama povu.

"Dada, hawa wametokea Hombolo," alisema. "Betri ya tela imewafia. Mzee, hii betri ilizikwa ikafukuliwa, au?"

Alikuwa anatania. Ernest hawezi kufungua kitu bila utani.

"Kitu kama hicho," mgeni alisema.

Ernest alicheka peke yake.

"Si ungechaji kwa gari lako?" nilimuuliza mgeni.

"Gari halilipi tela kitu. Waya ulikatika zamani."

"Basi karibu ndani upate hata maji ya kunywa, umeme wa nguzo umekatika, ukirudi tutaona."

"Hapa panatosha."

Ernest aliinua mita kwenye mwanga uliobaki. "Hii imekauka, mzee. Inataka kutwa nzima juani. Na jua ndilo hilo linakwenda zake."

"Kidogo tu," mgeni alisema. "Ndani kuna mzazi. Mtoto anasikia baridi."

Na hapo ndipo niliposikia sauti ndani ya tela. Mwanamke anaimba. Chini chini, kama anayebembeleza. Sikuelewa maneno, lakini katikati ya maneno kulikuwa na milio ya ulimi unaogonga kaakaa... ile ambayo Paskalia hutumia akiongea na mama yake kwa simu.

Dirisha la chumba cha Paskalia likafunguka.

"Ernest! Nani anaimba lugha ya kwetu?"

"Wageni. Wanataka chaji. Wana mtoto mchanga."

Paskalia alitega sikio. Nilimwona uso ukilegea.

"Huo wimbo aliuimba bibi yangu," alisema. "Sijausikia tangu afe. Ernest, wape. Nao wana mzazi ndani."

"Wifi, mwiko," nilisema.

"Mwiko wa moto, wifi. Hawa wanaomba taa."

"Hukumsikia mama?"

"Mama yuko Chang'ombe. Mtoto wa mwenzangu yuko hapa, gizani, anatetemeka. Ningekuwa mimi je? Ningekuwa mimi njiani na huyu wangu?"

Ernest alinitazama. Alitaka niseme ndiyo.

"Dada, betri zangu zimejaa. Nitawapa ya kuwashia taa tu. Mtoto hatapungukiwa."

Sikusema ndiyo. Wala sikusimama mbele ya dirisha.

Alichomeka chaja kwenye inveta chini ya kitanda. Akapitisha waya dirishani, juu ya ua, hadi kwenye tela. Akabana klipu nyekundu. Akabana nyeusi.

Cheche iliruka. Si ndogo. Ilimulika uso wa mgeni, na mgeni alikuwa amefumba macho, kama mtu anayekunywa uji wa moto baada ya njaa.

Ernest aliniomba nibaki na Paskalia.

Chumbani balbu ilikuwa inawaka vizuri. Mtoto alikuwa analia kile kilio chake chembamba. Paskalia alikaa ukingoni mwa kitanda, akiwa bado anasikiliza wimbo wa nje na kuufuatisha kwa midomo. Chini ya kitanda inveta ilikuwa ikinguruma.

Nilimimina maji ya betri kwenye matundu, moja baada ya jingine, kama Ernest alivyonifundisha. Maji yalikuwa yakishuka. Nikaongeza. Yakashuka tena...

Nikagusa ubavu wa betri. Baridi. Betri inayotoa chaji nyingi hupata moto. Hii ilikuwa baridi kama mtungi.

"Wifi," Paskalia aliita.

Niliinuka. Balbu ilikuwa imegeuka rangi. Kutoka njano hadi nyekundu. Nyuzi zake ndani zilikuwa zinaonekana, kama mishipa.

"Wifi, mbona amenyamaza?"

Mtoto alikuwa kimya. Macho wazi.

Na nje, ndani ya tela, mtoto akaanza kulia.

Kilio cha nguvu. Kilio cha mtoto aliyetimiza miezi yake yote.

Nilitoka mbio. Giza lilikuwa limeingia. Dirisha la tela sasa lilikuwa linang'aa njano, na joto lake nililisikia usoni kutoka mbali, kama mtu apitaye mbele ya mlango wa jiko la mkate. Ernest alikuwa amepiga magoti mbele ya kisanduku, mita mkononi.

"Dada, haijai," alisema. "Inakunywa, inakunywa, haijai. Sijaona betri ya hivi."

"Chomoa!"

Alishika klipu.

Mgeni aliongea kwa upole kabisa.

"Ukichomoa sasa, wangu ataikosa na wako ataikosa. Chaji imekwisha kuvuka."

Ernest aliganda. Ndugu yangu si mwoga. Lakini mkono wake ulibaki juu ya klipu, haushuki wala haupandi.

"Mlango uko wazi," mgeni alisema. "Mwite mama yake. Akaote moto."

"Asitoke!" nilipiga kelele. "Paskalia, usitoke!"

Alikuwa amekwisha kutoka. Miguu mitupu, khanga moja, mtoto amembana kifuani ngozi kwa ngozi kama alivyofundishwa hospitali. Alikuwa anamsugua mgongo. "Amepoa," alikuwa akisema. "Wifi, amepoa, amepoa..." Hakumtazama mgeni. Alitazama lile dirisha lenye joto.

Nilimshika bega. Alinisukuma kwa nguvu ambayo sikujua kwamba anayo, mwanamke aliyetoka kujifungua. Akapanda ngazi ya tela.

Niliishia mlangoni.

Ndani kulikuwa na harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Na ya maziwa yaliyochacha. Taa moja darini, kali. Mwanamke amekaa kitandani ametugeuzia mgongo, shuka nyeusi kichwani. Sikuuona uso wake, na ninamshukuru Mungu. Niliona mikono tu. Ilikuwa ya kijivu hadi viwikoni.

Kando yake, kitandani, mtoto amefunikwa ngozi ya mbuzi. Alikuwa anatupa miguu.

Mwanamke alisema neno kwa lugha ya kina Paskalia. Kisha kwa Kiswahili, kama aliyejifunza neno lile muda huo huo:

"Mlaze."

"Usimlaze," nilinong'ona. "Paskalia. Tafadhali."

Alimlaza. Bega kwa bega na yule mwingine. Na nini kingine angefanya? Kote nje kulikuwa na baridi.

Mwanamke akaanza tena wimbo. Paskalia akaitikia.

Kwa muda wakawa wanaimba wote wawili, na mmoja wa watoto akalia, na mwingine akalia, na sikuweza kujua kilio kipi ni cha nani.

Ndipo Ernest alipochomoa.

Giza.

Giza zito, na mara ile ile baridi, kama ndani ya tela hakujawahi kuwaka kitu. Nilimsikia Paskalia akipapasa. Nilimsikia akisema, "Huyu. Huyu ana joto. Huyu." Kisha kifua chake kikanigonga, tukaanguka wote nje kwenye kokoto, naye amemkumbatia mtoto.

"Ndani!" Ernest alipiga kelele. "Ingieni ndani!"

Tuliingia. Ernest akavuta komeo, akaegemeza mgongo kwenye mlango. Chumbani balbu ilikuwa imezima. Nikawasha tochi ya simu.

Mtoto alikuwa anapumua. Mashavu mekundu. Paskalia alikuwa analia na kucheka, akimnyonyesha, na mtoto alikuwa ananyonya kwa nguvu... kwa sauti. Wa kwetu alikuwa hajapata nguvu ya kunyonya. Tulikuwa tunamkamulia na kumnywesha kwa kikombe kidogo.

Nikasogeza tochi.

Nguo ilikuwa imefunguka. Kitovu cha mtoto wetu kilibanwa hospitali kwa kibanio cha plastiki, cheupe. Mimi mwenyewe nilikuwa nakisafisha asubuhi na jioni.

Kitovu nilichokiona kilikuwa kimefungwa kwa kamba ya gome la mti. Imesokotwa kwa mkono. Imepakwa majivu.

Niliinua macho. Paskalia alikuwa ananitazama. Alikuwa amekiona kabla yangu.

"Wifi," alisema. Sauti yake ilikuwa imetulia kabisa. "Zima hiyo tochi."

Nilizima.

Nje, magurudumu yalianza kusaga kokoto. Hakukuwa na mngurumo wa gari. Magurudumu tu. Na juu ya magurudumu, kilio. Chembamba. Dhaifu. Kile tulichokwisha kukizoea ndani ya nyumba ile.

"Nani huyo analia?" Ernest aliuliza kutoka mlangoni.

Paskalia alimvuta mtoto karibu zaidi kifuani.

"Mtoto wa wageni," Paskalia alisema.

Kilio kiliendelea kwenda, na hakikuwa kinakwenda upesi. Nilikaa karibu na Paskalia gizani, nikamshika mkono. Khanga yake ilikuwa imelowa. Nilidhani ni machozi. Yalikuwa maziwa. Titi ambalo halinyonywi lilikuwa linachuruzika lenyewe, kila kilio kilipopanda, mpaka yakatiririka kwenye magoti yangu, ya vuguvugu.

Mama alirudi msiba ulipoanuliwa. Alimchukua mtoto kumwogesha, kama ilivyo haki ya bibi. Tulikuwa tumekata ile kamba na kuichoma, na kitovu kilikuwa kimekwisha kudondoka. Hata hivyo aliogesha polepole, akimgeuza huku na huku. Alipomaliza alimpaka mafuta, akamrudisha kwa Paskalia. Kisha akaniita nyuma ya zizi.

"Waliomba nini?"

Nilimweleza. Alisikiliza hadi mwisho.

"Alikuwa anaimba Kisandawe?"

"Ndiyo, mama."

Alikaa juu ya jiwe. "Njaa ya Mtunya ile, ya wakati wa vita vya Wajerumani. Nyumbani kwa bibi mzaa bibi yangu kulikuwa na mzazi. Wakaja watu wa upande wa kina Paskalia, wanakimbia njaa, mke ana kichanga. Jioni. Julai kama hii. Wakaomba makaa."

"Wakapewa?"

"Kulikuwa na mzazi ndani, Penina. Hawakufika mbali."

Upepo ulikuwa unapita kwenye minyaa.

"Habari hii hukunipa," nilisema. Nilisikia uchungu, na ninaona aibu kwamba katika yote hayo ndicho nilichokisema. "Umenipa za watu wote. Hii hukunipa."

"Na mimi sikupewa. Niliisikia nikiwa nimejificha." Akainuka, akakung'uta khanga. "Aliyeota moto wa nyumba hii ni wa nyumba hii. Mpeni jina. Na msije mkamwambia Ernest."

Sijui kama Ernest anajua. Hakuuliza. Zile betri hazikushika chaji tena, akazitupa. Muuguzi wa zahanati alipompima mtoto alishangaa, akaandika kwamba ameongezeka vizuri kuliko ilivyotarajiwa, akampongeza mama. Inawezekana. Njiti wengine hukimbia wakishapata joto. Na gizani, kwenye hofu, macho huona mambo. Nimejiambia hivyo mara nyingi, kwa sababu nimesoma, na napenda kila jambo liwe na mahali pake.

Mtoto tulimwita Mwanne. Sasa anatembea, anakimbia, ana meno yote. Hajawahi kuugua hata mafua. Kiangazi na kipupwe, ukimshika mkono una joto kama mkate uliotoka jikoni. Watoto wa jirani hupenda kukaa karibu naye asubuhi za baridi. Ninampenda. Hilo nalo niliseme.

Paskalia alimwachisha ziwa siku nyingi zilizopita. Maziwa hayakukauka. Muuguzi anasema huwatokea baadhi ya wanawake, na si jambo la kutisha.

Kila jioni, jua likizama, wifi yangu huchota makaa jikoni, huyaweka kwenye kigae, hufunika kwa majivu. Hutoka nayo peke yake kwenda barabarani, kupita banda la Ernest, hadi pale ambapo taa zetu hazifiki. Ernest hugeuza uso akaendelea na kazi zake. Mama huingia ndani. Mimi hubaki na Mwanne uani, naye husimama wima akitazama upande ule mpaka mama yake arudi.

Sijawahi kumfuata. Ila mimi ni mtu wa kutazama, na siwezi kuacha.

Anapotoka, kifua cha blauzi yake huwa kimelowa na matiti yamejaa. Akirudi, ameshika kigae kitupu, na matiti yamelegea.